Mtani wa Babu Piti

Ukishuka stendi ya Nachingwea ukaelekea sokoni, utaona taruma la reli limelazwa juu ya matofali. Reli yenyewe iling'olewa zamani, baada ya Waingereza kugundua kwamba karanga hazioti kwa amri. Taruma likabaki, likageuzwa benchi, na juu ya benchi hilo huketi watu ambao hawajawahi kushindwa na swali lolote. Kila alasiri Hasani muuza kahawa hutua jiko lake hapo, na kabla kikombe cha kwanza hakijapoa, baraza la mawaziri limeshapangwa upya na wagonjwa wawili watatu wa hospitali ya wilaya wameshaandikiwa dawa bila kuonwa. Jumatano hiyo ya mwaka 2002, magunia ya ufuta yakiwa yameanza kuingia mjini kutoka mashambani, kijiwe kilikuwa na kazi maalumu. Kilikuwa kinamwokoa Harithi.

Harithi, mtoto wa Mzee Mikidadi wa Ruponda, alikuwa mwaka wa mwisho chuo cha mifugo. Chuo kilimpeleka Uholanzi kwa mafunzo ya vitendo ya miezi mitatu, akarudi baada ya wiki saba, na fomu yake ya tathmini haina saini. Mkuu wa chuo hakuzunguka: saini ya mwenyeji ifike kabla ya Ijumaa jioni, la sivyo hakuna cheti, na nafasi ya kurudia haipo. Njia iliyobaki ilikuwa faksi ya ofisi ya simu, ambayo hufunga mlango saa kumi na nusu, na ili jibu liwahi ilibidi barua itoke siku hiyo hiyo. Saa ilikuwa tisa na robo. Harithi alikuja kijiweni kumtafuta mtu mmoja tu, Silvanus, karani mstaafu wa chama cha ushirika, aitwaye Waziri kwa ajili ya kalamu tatu za mfukoni ambazo moja ndiyo yenye wino. Waziri aandike barua kwa Kiswahili kilichonyooka, yeye aigeuze Kiingereza, itumwe. Hao wengine walikuja kama nyongeza, na nyongeza ya kijiwe hicho huwa haikataliki.

— Kichwa cha barua kwanza, — Waziri akasema, akiweka daftari juu ya goti. — "Yah: Kutotiwa Saini kwa Fomu ya Tathmini Kutokana na Sababu Zilizo Nje ya Uwezo wa Mwanafunzi."

— Zilikuwa ndani ya uwezo wangu, mzee, — Harithi akasema. — Koti nililivaa mwenyewe.

— Kijana, usimwingilie karani akiwa kazini.

— Koti gani tena? — akauliza Mohamedi. Huyu aliitwa Redio, na kitufe cha kumzimia hakijapatikana mpaka leo. — Hadithi hii mimi nimeisikia vipande vipande. Anza mwanzo.

— Mzee Redio, juzi si ulikuwepo nikisimulia?

— Juzi nilikuwepo, lakini nilikuwa naongea.

Hilo lilikuwa kweli. Harithi akashusha pumzi, akaanza tena, mara ya nne wiki hiyo.

Huko Uholanzi alipangiwa kwa mama mmoja mfugaji, Grita, mwenye ng'ombe themanini na baba mzee aitwaye Piti. Mama Grita alijua Kiingereza. Babu Piti hakujua hata neno, na kazi alishastaafu, ila zizini haachi kwenda. Watu wa huko si wabaya, wanasema panapohitajika kusema, basi. Wiki nzima ya kwanza Harithi hakutaniwa na mtu hata mmoja, na kwa mtoto wa Ruponda hiyo ni njaa. Siku ya nane akaamka alfajiri, akakuta buti lake la kushoto halipo. Akalitafuta mpaka akalikuta ndani ya ndoo ya pumba, na Babu Piti ameegemea fito, uso mkavu kama hakimu. Kesho yake buti likakutwa juu ya trekta. Kesho kutwa Harithi akachukua kofia ya mzee akamvalisha mbwa. Mzee alicheka mpaka akamshika ng'ombe asianguke. Toka hapo ikawa kila siku: yule anaficha, huyu anaiga anavyochechemea na anavyowakemea ng'ombe, hakuna lugha, mikono na miguu tu. Harithi hakuuliza kabila. Alijua amepata mtani.

Halafu wiki ya saba Babu Piti akalala na hakuamka. Asubuhi hiyo buti la kushoto halikuwepo mlangoni. Harithi alilitafuta shamba zima hakuliona, akakamua ng'ombe themanini na buti moja na kandambili moja, machozi yanamtoka, kwa sababu alimpenda yule mzee kuliko alivyowahi kumwambia mtu. Siku ya mazishi akafanya kile ambacho mtani anawiwa kufanya msibani, kumwiga marehemu na kuwachekesha wafiwa. Akatwaa koti la marehemu msumarini, akavaa na kofia yake, akashika fimbo, akaenda kanisani akichechemea. Jeneza lilipofika mlangoni likitoka, akasimama mbele yake akatandaza mikono: hatoki mtu hapa, kwanza marehemu aseme buti langu la kushoto amelificha wapi!

— Eee! — Kamanda, mzee wa tatu wa kijiwe, akapiga paja. — Hapo ndipo penyewe! Wakajibu nini?

— Kimya.

— Hakuna aliyekuvuta koti?

— Kimya, Kamanda. Watu mia, kimya. Mama Grita akajiziba mdomo. Wanaume wawili wakanishika viwiko wakanitoa nje kama mlevi. Baada ya siku mbili nikapandishwa treni. Mama Grita alisema kitu kimoja tu, kwamba jina lake hawezi kuliweka kwenye karatasi ile.

Kamanda, kwa jina Gaudens, alikuwa Mmakonde ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma zamani. Enzi za kambi za wapigania uhuru wa Msumbiji alichota maji kambini, na tangu uhuru upatikane cheo chake kimekuwa kikipanda kila mwaka bila kurudi nyuma. Alikuwa pia mtani wa ukoo wa kina Harithi. Babu yake Harithi alipozikwa kule Ruponda, Kamanda ndiye aliyevaa kanzu ya marehemu, akakaa ndani ya kaburi lililochimbwa, akasema hatoki mpaka arudishiwe jembe lake. Waliokuwa wanalia walicheka mpaka wakalia upya. Harithi wakati huo alikuwa na miaka tisa, na hajasahau. Kwa hiyo Kamanda alilichukulia jambo la Uholanzi kama la mwanafunzi wake mwenyewe aliyefelishwa.

— Kosa lako ulianza na buti, — akasema. — Mimi kwa babu yako nilianza na matusi. Nilimtukana tangu nyumbani mpaka makaburini. Watu wakapata nafasi ya kuzoea.

— Kiholanzi cha matusi ningekitoa wapi?

— Wiki saba ulikuwa unajifunza nini, sasa?

— Ng'ombe, Kamanda.

— Kosa si matusi, — Waziri akadakia. — Kosa ni utaratibu. Hakuwasilisha maombi. Ungeandika: "Mimi mtajwa hapo juu, nikiwa mtani wa marehemu, naomba kibali cha kuzuia maiti." Nakala mbili. Hapo yeyote anayekushika kiwiko unamwonyesha muhuri.

— Muhuri wa nani?

Waziri akamwangalia kwa huruma, kama anavyoangaliwa mtu ambaye hajafanya kazi ofisini.

— Mimi nawajua hao Waholanzi, — Redio akasema. — Nimewasikia. Utani asili yake nini? Vita. Mnapigana, mnachoka, mnaanza kutaniana. Sasa Waholanzi wamepigana na nani? Bahari! Nchi yao yote iko chini ya maji, wameizuia kwa ukuta. Kwa hiyo mtani wao ni bahari.

— Ndiyo maana hawacheki, — Kamanda akakubali. — Mtani wa namna hiyo, utacheka saa ngapi?

— Wakati unalala anakunyemelea!

— Babu Piti alikuwa anacheka, — Harithi akasema.

— Huyo alikuwa mzee, alishakata tamaa.

Hasani akazungusha vikombe. Harithi akatazama kivuli cha nguzo ya umeme kilivyokuwa kimevuka barabara. Alijua kwamba ingefaa ainuke aende kuandika mwenyewe. Lakini kila alipokaa na karatasi peke yake, mkono ulikuwa mzito, na maneno hayakuja. Hapa angalau maneno yalikuwepo, hata kama si yake.

— Jamani, saa tisa na dakika arobaini, — akasema. — Waziri, tumefika wapi?

— Tumefika "Husika na somo tajwa hapo juu."

— Andika basi kwamba ni mila. Kwamba sikukusudia ubaya.

— "Mila" nimeandika. Nimeipigia mstari.

— Msimharakishe, — Redio akasema, akivuta kikombe. — Mnaandika barua na sababu yenyewe hamjaijua. Yule mama hakukasirika kwa utani. Alikasirika kwa bima.

— Bima?

— Ulaya mtu akifa bima inalipa. Sikiliza vizuri. Marehemu yuko ndani ya sanduku, wamemhesabu, wameandika. Mara huyu hapa mlangoni! Koti lake, kofia yake, fimbo yake, anachechemea! Mtu wa bima amesimama pale na karatasi zake, anamwona marehemu mzima anadai buti. Bima itamlipa nani?

Hoja ilikuwa nzito.

— Mzee Redio, — Harithi akasema, — Babu Piti alikuwa mzungu.

— Umevaa kofia, si ndiyo?

— Ndiyo, lakini...

— Basi! Watu wa bima hawaangalii sura, wanaangalia karatasi.

— Hiyo niiweke? — Waziri akauliza, kalamu hewani.

— Iweke. Andika: "Mwanafunzi yuko tayari kuapa mbele ya bima kwamba marehemu ni marehemu."

Waziri akaandika. Kamanda akaweka kikombe chini taratibu.

— Nyinyi nyote raia, — akasema. — Mnatazama koti. Mimi natazama buti. Kwa nini mzee, mwenye ng'ombe themanini, afiche buti usiku wa kufa kwake? Na kwa nini safari hii lisionekane?

— Lilifichwa vizuri tu, — Harithi akasema.

— Siku zote unaliona, siku hiyo huoni. Kambini tulifundishwa: kitu chenye siri hakifichwi sandukuni, kinafichwa mahali pa kawaida. Mle ndani ya buti mna wosia!

— La haula! — Redio akaruka.

— Mzee hana lugha, hawezi kukwambia. Kakuandikia. "Mali yangu yote nampa mtani wangu." Mama Grita kaliona buti, kasoma, kalificha tena. Ndiyo maana ukakurupushwa mpaka kwenye treni! Saini gani atie huyo? Akitia saini amekutambua!

Hapo kijiwe kikashika moto. Redio akasema themanini ni nyingi, watasafirishwaje, labda kwa meli mpaka Mtwara halafu waswagwe kwa mguu. Kamanda akasema Ruponda malisho hayatoshi, arobaini wapelekwe kwake upande wa Ruangwa. Waziri akasema ng'ombe wa kizungu hawezi kunywa maji ya mto, itabidi kuundwe kamati. Redio akakataa kuwa mweka hazina, akaombwa tena, akakubali. Dakika kumi zilipita wakigawana mifugo ya maiti ambaye hawakumjua, na kwa ugawaji wao walishafika kwenye ndama.

Harithi alijiona mpumbavu. Alikuwa amewakasirikia, na zaidi alikuwa amejikasirikia, kwa sababu kuna mahali katika hesabu ile naye alijikuta akifikiria malisho.

— Ishu yangu ni fomu! — akapaza sauti. — Wazee wangu, nawaheshimu, lakini mnazingua. Saa kumi na dakika tano! Waziri, soma uliyonayo.

Waziri akakohoa, akainua daftari, akasoma kwa sauti ya mkutano mkuu:

— "Husika na somo tajwa hapo juu. Mwanafunzi alitekeleza wajibu wake wa mila bila posho yoyote. Kwa mshangao, ofisi yako ilimtoa kwa viwiko. Kutokana na hali hiyo unatakiwa: moja, kutia saini fomu ya tathmini mara upatapo barua hii. Mbili, kueleza kwa maandishi sababu za wewe kutocheka. Tatu, kurejesha buti moja la kushoto, namba nane, pamoja na chochote kilichomo ndani yake. Mwanafunzi yuko tayari kuapa mbele ya bima kwamba marehemu ni marehemu. Tunategemea ushirikiano wako wa karibu. Nakala: Balozi wa Uholanzi, Mkuu wa Wilaya, Nachingwea, Jalada."

— Barua hiyo! — Redio akasema. — Hapo hata mimi ningetia saini!

— Ongeza nakala ya kambi, — Kamanda akasema.

— Kambi ilifungwa, Kamanda.

— Ongeza tu. Wataogopa.

Ndipo alipofika mama mmoja wa makamo, amejitwika beseni la viazi vitamu, akaomba kulitua kivulini asubiri gari la Mtua. Kijiwe hicho wanawake hawakikai, lakini jua lilikuwa kali na gari la Mtua halina saa. Wakamsogezea mwisho wa taruma.

— Karibu, mama. Hasani, mpe mama kahawa.

— Asante, baba zangu. Shikamooni.

— Marahaba. Jina lako nani, mwanangu?

— Mwanaima. Nawaona mna kikao. Pana salama?

Wakamweleza. Walimweleza wote watatu kwa pamoja, kila mmoja akianzia kwake: Waziri kwenye utaratibu, Redio kwenye bahari, Kamanda kwenye buti. Aliyemfikisha mpaka mwisho ni Harithi, aliyerudia kwa maneno machache: mzee alikuwa mtani wangu, akafa, nikazuia jeneza, binti yake kanikatalia saini. Mwanaima alisikiliza akiwa ameshika kikombe bila kunywa. Hadithi ilipofika penye koti akatabasamu. Ilipofika penye buti akacheka kwa sauti, kweli kweli, mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga, na Harithi akaona kwa mara ya kwanza tangu arudi kwamba kuna mtu ameuelewa utani wake. Akatamani Babu Piti angemsikia mama huyu.

— Unaona! — Kamanda akasema. — Mtu wa kwetu anacheka! Sasa yule ana roho gani?

— Masikini, — Mwanaima akasema. — Kafiwa na baba. Alikuwa na ndugu mwingine?

— Hana, — Harithi akasema. — Walikuwa wawili tu mle ndani. Na mimi.

— Eti, mwanangu. Na pole mlishampa?

Redio akageuka kumtazama Waziri.

Kamanda akatazama vidole vyake. Ruponda, kabla hajaiweka kanzu ile mwilini, alikuwa amepitia kwa mjane wa marehemu akachuchumaa, akashika mkono wake kwa mikono yote miwili, akakaa naye kitambo. Hilo huwa halisimuliwi, kwa sababu hakuna asiyelifanya.

Waziri ndiye aliyejaribu. Alivaa miwani, akafungua daftari, akaanza kupitisha kidole juu ya barua yake mwenyewe, mstari kwa mstari, midomo ikitikisika, kama mtu anayeamini kabisa kwamba neno hilo aliliandika na limejificha mahali. Kidole kikapita kwenye viwiko, kikapita kwenye posho, kikapita kwenye bima. Kikafika kwa Mkuu wa Wilaya, kikafika kwa Jalada, kikaishia pembeni ya karatasi.

Harithi hakuhitaji kusoma. Alikuwa anarudi nyuma siku zile, moja moja. Asubuhi ile alikwenda kukamua. Mchana aliosha ndoo. Jioni Mama Grita alikaa jikoni peke yake, taa hajawasha, na yeye akapita mlangoni kimyakimya akapanda chumbani kufanya mazoezi ya kuchechemea. Siku tatu hivyo hivyo, mpaka mazishi. Kwao msiba una watu mia wa kusema pole, na mtani anakuja juu ya pole zao. Kule alidhani zimeshasemwa na wenyewe kwa lugha yao. Hakuwahi kwenda kuona kama kuna aliyesema. Aliona aibu, na safari hii haikuwa aibu ya kutolewa kanisani.

— Mzee Waziri, naomba kalamu. Ile yenye wino.

Akachana karatasi safi, akaiweka juu ya taruma, akapiga magoti vumbini na suruali yake ya Ulaya. Mkono haukuwa mzito tena. Aliandika moja kwa moja kwa Kiingereza, mistari minne, akatia jina lake chini, akainuka. Saa kumi na robo.

— Umemwambia nini? — Redio akauliza, kwa sauti ambayo kijiwe hakikuizoea.

— Pole kwa kufiwa na baba. Kwamba nilimpenda. Kwamba nilipaswa kuja kukaa na yeye jikoni.

— Na fomu je? — Waziri akasema. — Ijumaa hiyo! Hukutaja fomu?

Gari la Mtua likapiga honi stendi. Harithi akainama, akamtwisha Mwanaima beseni lake.

— Huwezi kumpa mtu pole ukamwekea na fomu, mzee wangu, — akasema, akakunja karatasi, akaondoka mbio kuelekea ofisi ya simu.